Kugeuza Garimoshi la Mfano Litumie Betri na Rimoti: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maelezo haya ni ya mtu mwenye garimoshi la mfano lenye sura ya mvuke, ambalo ndani lina mota ya umeme inayolishwa kutoka kwenye reli, na sasa anataka lijitegemee: betri ndani, rimoti mkononi, reli zibaki kuwa njia tu. Majibu mengi yanazungumzia reli za upana wa milimita 45, zile zinazotandazwa bustanini tangu kampuni ya Lehmann ya Ujerumani ilipozindua magarimoshi yake ya LGB mwaka 1968, kwa sababu huko ndiko kuna nafasi ya kufanyia kazi. Wenye magarimoshi madogo wana swali lao huko chini, na wenye mvuke wa kweli pia.

Kwa nini nihangaike na betri ilhali reli zangu zina umeme?

Kwa sababu ya uchafu kwanza. Garimoshi linalokula umeme wa reli hutegemea gurudumu liguse reli vizuri, na vipande vidogo vya shaba viguse gurudumu vizuri. Nje ya nyumba, reli hufanya utando, udongo na utomvu wa majani hushika juu yake, na garimoshi huanza kustukastuka. Unasugua, mvua inanyesha, unasugua tena. Betri inamaliza kazi hiyo. Pia njia inayozunguka na kujirudia yenyewe, ambayo kwenye reli za umeme hupiga shoti kwa kuwa reli ya kushoto hukutana na ya kulia, haina tena tatizo lolote. Magarimoshi mawili yanaweza kutumia njia moja, kila moja na dereva wake, bila kubadilisha hata waya mmoja.

Ila sababu ninayoithamini zaidi ni mwendo wa pole. Umeme wa betri haukatiki gurudumu linapopita kwenye makutano ya njia, kwa hiyo injini inaweza kutambaa taratibu mno bila kukwama. Uzuri wa garimoshi la mvuke uko pale linapong'oa nanga na mzigo mzito nyuma yake, fimbo za magurudumu zikianza kusogea kidogo kidogo. Ukilipata hilo, kazi yote imelipa.

Garimoshi gani linafaa kuanza nalo?

Lenye tenda, yaani behewa la makaa na maji linalofuata nyuma ya injini. Tenda kwa ndani ni sanduku tupu, na sanduku tupu ndicho unachohitaji. Injini fupi isiyo na tenda inawezekana, lakini utagombania kila milimita.

Nipime nini kabla ya kununua chochote?

Ampia na nafasi. Ningependa kila anayeanza alisome jibu hili mara mbili, kwa sababu kazi nyingi zinazoharibika huharibikia hapa, kabla bisibisi haijashikwa. Mota ndiyo inayochagua kidhibiti mwendo, na nafasi ndiyo inayochagua betri. Anayeanza kwa kununua vifaa halafu akatafuta pa kuviweka huishia kukata mwili wa garimoshi zuri.

Kupima ampia, weka mita ya umeme (multimita) mfululizo kati ya chanzo cha umeme na reli, ikiwa kwenye upande wa ampia. Lipe garimoshi mabehewa mengi kadiri utakavyotaka livute kweli, lipandishe mlima mkali kuliko yote ulio nao, na uandike namba. Kisha lizuie kwa mkono huku ukiligandamiza kidogo mpaka magurudumu yaanze kuteleza, uandike namba ya pili. Mwisho, kwa sekunde moja tu, zuia magurudumu yasizunguke kabisa: hiyo ndiyo ampia ya mota iliyokwama, na ni kubwa kuliko zote. Usiishikilie, mota itaungua. Magarimoshi mengi ya milimita 45 yenye mota moja hufanya kazi chini ya ampia 2. Balbu za zamani na mtambo wa moshi huongeza sana, hivyo vizime kwanza ili ujue mota peke yake inakula nini. Chagua kidhibiti kinachoweza kubeba ile namba ya mwisho bila kuhangaika. Ukubwa wa ziada hapa hauna madhara, isipokuwa nafasi.

Kupima nafasi, kata vipande vya kadibodi nene au mbao laini vyenye vipimo vya betri, kidhibiti, kipokezi (kinachopokea amri za rimoti) na spika, uviingize, kisha ufunge mwili wa garimoshi kabisa kwa skrubu zake. Seli ya 18650, yaani betri moja ya lithiamu yenye umbo la silinda, ina kipenyo cha milimita 18 na urefu wa milimita 65, na jina lake limetokana na vipimo hivyo. Tatu zikilazwa sambamba huhitaji kama milimita 56 kwa 70 kwa 20 ukihesabu ngozi ya plastiki na waya. Waya nao hula nafasi kuliko mtu anavyodhani, hasa pale zinapokunjika kwenye plagi.

Mota yangu ni ya volti 24. Betri ya volti 11 itatosha?

Mara nyingi ndiyo. Kasi ya mota ya aina hii hufuata volti karibu sawasawa: nusu ya volti, karibu nusu ya kasi. Magarimoshi mengi ya mfano yametengenezwa kukimbia kupita kiasi, na nusu ya kasi hiyo ndiyo inayofanana na injini ya kweli ya njia ndogo ya vijijini. Jaribio halina gharama: lishe reli zako volti 11 tu, tazama garimoshi likivuta mzigo wake, uamue.

Likionekana linakokota miguu, tumia seli 4 (volti 14.8) au 5 (volti 18.5) badala ya zile 3 zinazotoa volti 11. Kuna pia saketi ndogo za kupandisha volti, lakini kumbuka volti za ziada hulipiwa kwa ampia. Kutoa volti 18 kwa ampia 1 kutoka betri ya volti 11, betri yenyewe hutoa karibu ampia 2.

Betri aina gani?

Zinazofikiriwa ni familia tatu. Nikeli (NiMH) ina volti 1.2 kwa seli, ni mvumilivu, haihitaji saketi ya ulinzi, lakini ni nzito na kubwa kwa umeme inaobeba, na hupungua yenyewe ikikaa. Lithiamu ya kawaida (Li-ion) ina volti 3.7 kwa seli, hufika 4.2 ikijaa, na haipaswi kushuka chini ya 3. Lithiamu ya chuma na fosfati (LiFePO4) ina volti 3.2, hujaa kwenye 3.65, hudumu miaka mingi na ni tulivu zaidi ikitendewa vibaya, ila hubeba umeme mdogo zaidi kwa ujazo ule ule.

Mimi huchagua pakiti ya seli 3 za Li-ion zilizounganishwa kiwandani, zikiwa na saketi yake ya ulinzi inayokata umeme seli ikishuka mno, ikijaa kupita kiasi au ikipigwa shoti. Maneno "zilizounganishwa kiwandani" yana uzito. Usilehemu waya moja kwa moja kwenye kichwa cha seli ya lithiamu, joto huiharibu ndani bila alama ya nje. Usichanganye seli kuukuu na mpya katika pakiti moja, wala zile zilizotolewa kwenye kompyuta mbovu na zile za dukani.

Pakiti bapa na laini za LiPo (lithiamu ya polima), kama za ndege za rimoti, zinatoa ampia nyingi ambazo garimoshi halizihitaji, na ngozi yao hutobolewa kwa urahisi na ncha ya skrubu. Sizioni zikifaa ndani ya chungu cha mvuke cha chuma, labda pale ambapo hakuna umbo lingine linaloingia.

Chaja lazima iwe ya aina ile ile ya betri na ya idadi ile ile ya seli. Chaji kwa ampia isiyozidi nusu ya uwezo wake: betri ya milliampia-saa 3000 ichajiwe kwa ampia 1.5 au pungufu. Usiiache ikichaji ukiwa umelala au umetoka, na usiichaji ikiwa na baridi chini ya nyuzi 0. Iliyovimba ipelekwe panapokusanywa betri chakavu. Haifai tena hata kama bado inawasha taa.

Itatembea kwa muda gani?

Gawa uwezo wa betri kwa ampia ulizopima. Betri ya milliampia-saa 3000 na garimoshi linalokula wastani wa milliampia 750: saa 4 kwenye karatasi. Hesabu kama 3, ukiacha akiba na milima.

Betri niiweke wapi?

Kwenye tenda, pamoja na kidhibiti na kipokezi. Vikikaa vyote huko, waya zinazovuka kwenda kwenye injini ni 2 tu za mota, na labda 2 nyingine za taa. Ukiweka betri nyuma na kidhibiti mbele, unavusha waya za betri, na hizo zikikwaruzika pale katikati zitapiga shoti yenye nguvu zote za lithiamu. Tumia waya laini wenye ngozi ya silikoni, acha ulegevu wa kutosha kwa kona kali kuliko zote, na plagi isiyoweza kuingia kinyume.

Injini isiyo na tenda ina matangi ya pembeni, kibanda cha dereva na chungu cha mvuke. Ndani ya chungu mara nyingi kuna kipande cha risasi au chuma kilichowekwa ili magurudumu yashike reli. Ukikitoa upate nafasi, betri italipa sehemu ya uzito huo (seli moja ya 18650 ni kama gramu 45 hadi 50), lakini pima kabla na baada, kisha urudishe risasi ndogo ndogo chini, katikati ya magurudumu yanayosukuma. Seli za 14500, zenye kipenyo cha milimita 14 na urefu wa 50, huingia mahali ambapo 18650 hukataa.

Kama mwili ni mzuri mno kuguswa, weka kila kitu kwenye behewa la mizigo linalofuata injini daima. Si aibu, na behewa moja linaweza kutumikia injini kadhaa.

Nitatenganishaje mota na reli?

Hapa ndipo kidhibiti kipya hufa. Mota ikiendelea kugusana na magurudumu kwa njia yoyote, umeme uliobaki kwenye reli, au kipande cha chuma kilichoangukia njiani, utapita hadi kwenye kidhibiti kutoka upande kisiotarajia.

Fungua injini na ufuate waya tangu kwenye magurudumu. Ondoa au kata vile vipande vya shaba vinavyosugua magurudumu na kupokea umeme, na viatu vinavyoteleza juu ya reli kama vipo. Kwenye injini nyingi za LGB kazi ni nyepesi kwa sababu sanduku la mota hutoa waya 4: wa kahawia na mweupe hutoka kwenye reli, wa njano na kijani huenda kwenye mota. Injini iliyotengenezwa tayari kwa mfumo wa kidijitali hufuata rangi za kawaida: mwekundu na mweusi ni reli, wa machungwa na kijivu ni mota. Hata hivyo rangi ni dokezo tu. Mmiliki wa zamani anaweza kuwa alibadilisha waya, hivyo ushahidi ni mita.

Weka mita kwenye mlio (upande unaolia njia ya umeme ikiwa imeungana), gusa terminali moja ya mota na kila gurudumu, kisha terminali ya pili na kila gurudumu, kisha zote mbili na chesisi. Ikilia hata mara moja, bado. Baadhi ya injini za zamani zenye chesisi ya chuma zina brashi moja ya mota (kipande kinachopeleka umeme kwenye sehemu inayozunguka) iliyoshikizwa kwenye chesisi yenyewe, na hapo itabidi uitenge kwa kipande cha plastiki au ubadilishe mota. Zungusha magurudumu huku ukipima, maana kuna mguso unaotokea kwenye pembe moja tu ya mzunguko.

Wakati uko ndani, ondoa saketi ya zamani ya taa na vichujio vilivyokaa kati ya reli na mota. Vilibuniwa kwa umeme tulivu, ilhali kidhibiti hukata na kurudisha umeme maelfu ya mara kwa sekunde, na kapasita kubwa kwenye njia hiyo hupata moto. Kapasita ndogo iliyolehemiwa kwenye mota yenyewe kuzuia kelele za redio iache.

Waya zipangwe vipi?

Betri, fyuzi, swichi, kidhibiti, mota, kwa mpangilio huo. Fyuzi ikae karibu kabisa na betri, kwa sababu inalinda waya wote unaofuata baada yake na haiwezi kulinda uliotangulia. Iwe ya ampia kubwa kidogo kuliko namba ya magurudumu yanayoteleza.

Swichi iwe ya pande mbili: upande mmoja betri inaenda kwenye kidhibiti, upande wa pili inaenda kwenye tundu la chaja. Kwa njia hiyo huwezi kuchaji huku vifaa vikiwa vimewashwa, hata ukisahau. Kipokezi hupata volti 5 zake kutoka kwenye kidhibiti, usikipe betri moja kwa moja isipokuwa maelezo yake yanaruhusu. Kabla ya kuwasha mara ya kwanza, pima chanya na hasi kwa mita pale waya zinapoingia kwenye kidhibiti. Vidhibiti vingi vidogo havina ulinzi wa kinyume, na huungua mara moja.

Kidhibiti cha gari la rimoti kinafaa?

Kinafanya kazi, ila sikipendi. Kwenye rimoti ya gari, kati ni kusimama, mbele ni kwenda na nyuma ni breki au kurudi, na kidole kikiachia springi hurudisha kati. Garimoshi halisimami hivyo. Tafuta mfumo uliobuniwa kwa magarimoshi: kitufe cha kuzungusha kinachoanzia sifuri, swichi ya pekee ya mbele na nyuma, na mwendo unaopanda na kushuka taratibu hata ukizungusha ghafla. Hakikisha pia ni cha mota yenye brashi. Vingi vya sokoni sasa ni vya mota zisizo na brashi na haviwezi kuendesha hii.

Amua kidhibiti kitafanya nini mawasiliano yakikatika. Kisimamishe garimoshi. Wengine hupenda garimoshi liendelee hadi liingie tena kwenye mawimbi, na kwa njia ya duara iliyofungwa inaeleweka, lakini penye watoto au mwisho wa njia ni hatari kwa mali.

Mawimbi yanapotea mita chache tu kutoka nilipo. Kwa nini?

Antena imefungiwa ndani ya chuma. Rimoti nyingi za leo hutumia gigahezi 2.4, na sehemu ya antena inayofanya kazi ni ile ncha ya milimita 31 hivi. Ncha hiyo itoke kwenye chuma: ipandishwe ndani ya makaa ya plastiki juu ya tenda, au chini ya paa la kibanda kama paa si la chuma. Usiikate, usiikunje mara mbili, usiilaze juu ya betri. Maji hunywa mawimbi haya, kwa hiyo vichaka vilivyolowa na mwili wako mwenyewe ukisimama katikati hupunguza umbali.

Mota inanguruma na injini inaondoka kwa kishindo. Nirekebishe nini?

Mngurumo ni kasi ya ukataji wa umeme. Kama kidhibiti kinaruhusu kuibadilisha, ipandishe juu ya kilohezi 16 na sauti itatoweka kwa masikio mengi, ingawa mota za zamani huanza vizuri zaidi kwenye kasi ya chini. Jaribu zote mbili.

Kishindo mara nyingi si cha umeme. Toa mafuta yaliyoganda kwenye gia, weka mapya kidogo, na usukume injini kwa mkono ukisikiliza fimbo zinapokaza. Betri haiwezi kuficha fimbo iliyopinda.

Naweza kuongeza sauti, moshi na taa?

Sauti ndiyo, na ifuate magurudumu. Injini ya silinda 2 hupumua mara 4 kwa kila mzunguko wa gurudumu linalosukuma, kwa hiyo bandika sumaku 4 ndogo kwenye ekseli na kihisi karibu yake, kadi ya sauti ihesabu yenyewe. Kadi inayokisia kutokana na volti huachana na magurudumu kwenye mwendo wa pole, pale hasa jicho linapotazama. Spika ifungiwe kwenye kisanduku chake, vinginevyo sauti huwa nyembamba.

Moshi sishauri. Kipasha joto chake kinaweza kula umeme karibu sawa na mota, na kukiweka karibu na lithiamu si jambo la busara.

Taa ni rahisi: LED nyeupe ya volti 3 kwenye betri inayofika 12.6, kwa milliampia 10, inahitaji kinzani cha omu 960, kwa hiyo tumia cha 1000.

Garimoshi langu lina mvuke wa kweli, linachoma gesi. Nalo linageuzwa?

Halihitaji mota. Hapo rimoti huendesha sevo mbili, yaani mota ndogo zinazogeuka hadi pembe unayotaka na kubaki hapo: moja inafungua valvu ya mvuke, nyingine inasogeza kipini cha mbele na nyuma. Betri ni ndogo tu, volti 4.8 hadi 6 kwa kipokezi na sevo. Adui ni joto na mafuta, kwa hiyo betri na kipokezi vikae kwenye tenda mbali na moto na tangi la gesi, na sevo ziwe chini ya sakafu ya kibanda zikiwa na kinga. Rekebisha sevo ya mvuke ili ikifika mwisho wake isiendelee kusukuma valvu iliyokwisha kufunga: itaungua, na kiti cha valvu kitalika. Valvu ya usalama usiiguse kamwe.

Na lile dogo la reli za milimita 16.5?

Linawezekana kama lina tenda. Seli 1 ndogo ya LiPo, saketi ya kupandisha volti hadi karibu 12 na kipokezi chenye kidhibiti ndani yake hujaza tenda yote. Muda ni mfupi na kazi ni ya mikono iliyozoea kulehemu, ndiyo maana ningeanza na kubwa.

Likishageuzwa, linaweza kupita kwenye reli zenye umeme za rafiki?

Ndiyo, mradi ule mtihani wa mita ulikuwa safi kwa kila gurudumu. Ukiwa umeacha hata kipokea umeme kimoja kwa ajili ya taa, usilipeleke.

Nalihifadhi vipi msimu ambao silitumii?

Betri ya Li-ion iache kwenye volti kama 3.8 kwa seli, si ikiwa imejaa wala tupu, na uichomoe kabisa kwenye plagi, kwa sababu saketi ya ulinzi na vidhibiti vingine hunyonya umeme kidogo hata swichi ikiwa imezimwa. Ipime tena baada ya miezi miwili au mitatu. Ikiwa seli moja imeshuka chini sana kuliko wenzake, pakiti hiyo ibadilishwe kabla ya kurudi kwenye tenda.